Mikwaruzo Kwenye Boti ya Bluu

Katika likizo ile ya mwezi wa sita, Anfal aliamshwa kila asubuhi na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bibi yake, Bi Hind, akikohoa huku akipuliza makaa ya chetezo ili afukize ubani dukani. Ya pili ilikuwa ya mashine ya kukatia vigae, ikipiga kelele kwenye ghorofa lililokuwa likijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba yao. Akishaswali na kuvaa miwani yake, Anfal alipanda juu ya paa la zege, akaanua nguo, akazikunja na kuzishusha kila moja mahali pake.

Kufua na kuanua ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote, ingawa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu. Katika nyumba ile ya Mchafukoge kulikuwa na sharti moja ambalo Bi Hind alilirithi kwa mama yake: kitu kichafu hakilali ndani. Kiwe kanzu, kiwe kanga, kiwe kitambaa cha jikoni, kabla ya Magharibi lazima kiwe kimefuliwa na kuanikwa. Kwa hiyo boti ilipoletwa uani, na pamoja nayo furushi la vitambaa laini vya kusugulia, Anfal hakungoja kuambiwa: alivifua vyote siku ile ile, hata kabla kazi haijaanza. Na kila jioni baada ya hapo alivikusanya, akavifua kwa sabuni ya unga, akavianika juu. Asubuhi aliviweka kwenye ndoo vikiwa vyeupe, vimekunjwa kama leso za harusi.

"Mwanangu huyu," baba yake, Hamud, aliwaambia wateja, "ana mikono ya mtu mzima."

Hamud aliuza rangi za magari katika duka lililokuwa mbele ya nyumba, si mbali na soko la Kariakoo. Nyuma ya duka kulikuwa na ua mwembamba ambako alirudishia magari mng'aro yakipauka. Boti hakuwahi kuigusa. Hii ililetwa na Mama Leticia, mwanamke aliyekuwa akipeleka wageni visiwani, baada ya kuona jinsi gari lake lilivyotoka uani pale likiwa kama jipya. "Aliyeweza hili ataweza na lile," alisema. Ilibidi geti ling'olewe ndipo trela lililoibeba boti lipite uchochoroni.

Majirani walipata la kusema. "Hamud," aliita muuza kahawa, "unangoja Jangwani ijae maji uondoke zako?"

"Ikijaa nitakupakia wewe kwanza," Hamud alijibu. "Wewe na birika lako."

Boti yenyewe ilitia huruma. Ilikuwa ya faiba, na zamani ubavu wake ulikuwa bluu iliyokoza. Jua na chumvi vilikuwa vimeipausha mpaka ikafanana na jinzi kuukuu. Ukipitisha kiganja, kilitoka na unga mweupe kana kwamba umefuta ubao wa darasani.

Kazi ya kusugua ilipewa Nassibu, kijana mrefu, mpole, aliyekuja mjini kutoka Newala. Alilipwa kwa siku. Kwa kuwa alitoka Magomeni, alikopanga chumba, alfajiri na kufika kabla duka halijafunguliwa, Hamud alimpa ufunguo wa geti. Nassibu alifunga barakoa usoni ili asivute vumbi la faiba, akaosha ubavu wa boti, akausugua kwa msasa laini wa maji, akafuatisha dawa nzito ya kukwangua unga. Mwisho alichukua kitambaa safi, akachovya polishi, akazungusha mkono kwa viduara vidogo mpaka bluu ikaanza kurudi. Kufikia alasiri ya siku ya kwanza, upande mzima wa kulia ulikuwa ukimeremeta kivulini.

"Dada Anfal, hebu njoo ujione," Nassibu aliita.

Anfal alisogea. Aliiona miwani yake, mtandio wake, hata meno yake. "Kaka Nassibu! Hii si boti tena, hii ni kioo!"

"Kesho upande wa pili," alisema Nassibu, akafunika turubai, akanawa mikono, akaaga.

Asubuhi iliyofuata, jua lilipopenya kati ya maghorofa na kuupiga ua, Hamud alifunua turubai ili ajifurahishe macho kabla ya kufungua duka. Akabaki ameshika turubai. Anfal, aliyekuwa ameshika ndoo ya vitambaa, alitazama anapotazama baba yake. Ubavu wa kulia ulikuwa umejaa mikwaruzo myembamba, maelfu, imezungukana kama utando wa buibui. Ule mng'aro wa jana ulikuwa umefifia.

"Nassibu!" Hamud aliita. "Njoo uone mambo."

Nassibu aliinama, akapitisha kidole, akavua barakoa. "Bosi, mimi jana niliacha safi. Dada Anfal ni shahidi."

"Kweli baba, nilijiona kama kwenye kioo."

"Basi hii mikwaruzo imetoka wapi? Imeota kama uyoga?"

Nassibu alifunga tena barakoa. Alianza upya, taratibu zaidi, na alasiri upande ule ukameremeta tena. Asubuhi ya pili jua lilipoingia, mikwaruzo ilikuwapo, tena ikiwa imeongezeka. Safari hii Hamud hakuita mtu. Alimtazama Nassibu, akatupia turubai juu ya boti, akaenda zake dukani.

Anfal alianza kuona mambo ambayo hapo mwanzo hayakumshughulisha. Kwa nini Nassibu huja mapema hivyo, wakati hata paka wa uani bado wamelala? Kwa nini begi lake haliachi mbali, hulitundika pale pale kwenye trela? Kwa nini akisikia hatua za mtu hugeuka haraka? Hata mluzi aliozoea kuupiga wakati wa kazi sasa ulikuwa kama una siri ndani yake.

Mchana alikutana na Ridhiwani, mwanafunzi mwenzake, ambaye wazazi wake waliuza mabegi duka la pili.

"Mambo, Anfal?"

"Poa. Ila baba hana raha. Boti inaharibika usiku."

Ridhiwani alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Boti inaharibika usiku! Kwani ina miguu? Nyinyi mnapigwa, mwenzangu. Yule si analipwa kwa siku?"

"Analipwa kwa siku."

"Na ufunguo anao?"

"Anao."

"Haya, hesabu si hiyo? Kazi ikiisha, posho imeisha. Akija alfajiri anaikwaruza kidogo, anapata siku nyingine. Kishoka huyo, tapeli mtupu."

"Kaka Nassibu si mtu wa hivyo."

"Kila kishoka ana sura nzuri, ndiyo mtaji wake," alisema Ridhiwani, akaenda kumhudumia mteja huku akijiona hakimu.

Maneno yale yalimwingia Anfal kama mchanga kwenye kiatu. Jioni, boti ilipokwisha kusuguliwa tena na kufunikwa, alichukua uzi mweusi kwenye kikapu cha bibi yake. Aliufunga kutoka kwenye kamba ya turubai mpaka kwenye gurudumu la trela, chini kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kuuona. Yeyote atakayefunua turubai lazima aukate. Kisha alikusanya vitambaa, akavifua na kuvianika kama kawaida.

Asubuhi alitangulia kushuka. Nassibu alikuwa amekwisha kufika, anakoroga dawa. Anfal alijifanya ameangusha pini, akainama. Uzi ulikuwa mzima. Alipumua. Lakini baba yake alipofunua turubai na jua likaingia, mikwaruzo ile ile ilikuwa ikiwatazama.

"Uzi haukukatika," alimwambia Ridhiwani baadaye. "Kwa hiyo Kaka Nassibu haiharibu alfajiri."

Mtu mwingine angekubali kwamba amekosea. Ridhiwani hakuwa mtu huyo. "Basi anaiharibu mchana kweupe mbele yenu. Ni dawa. Ameuza polishi yenu, ndani ya kopo ameweka takataka nyingine. Mchunguze kopo lake."

Siku hiyo Anfal alikaa dirishani juu ya ua, akijifanya anasoma. Muda ulipita, akaona alichokuwa akikingoja. Nassibu aligeuka kushoto, akageuka kulia, akatoa chupa ya soda kwenye begi lake. Alimimina kitu kidogo kwenye kitambaa, akairudisha chupa haraka, akaendelea kusugua. Anfal alitupa kitabu. Alishuka ngazi mbio mpaka dukani.

"Baba, Kaka Nassibu ana chupa kwenye begi. Anamimina kitu kwenye boti."

Hamud aliweka chini mkebe wa rangi. "Kitu gani?"

Anfal alisita. Aliona chupa. Hakuona kilichokuwamo. Lakini baba yake alikuwa akimtazama kwa makini ambayo hajawahi kuyaona, kama anavyomtazama mtu mzima mwenzake, na jibu la "sijui" likaonekana dogo mno.

"Mafuta," alisema. "Kama mafuta machafu ya injini."

"Umeyaona kwa macho yako?"

"Nimeyaona."

Hamud alitoka na hasira za siku zote zile. Anfal akamfuata nyuma. Ilikuwa saa ambayo muuza kahawa huketi mlangoni pa ua na wateja wake, na fundi gereji mmoja, Rogath, alikuwa pale akisubiri kuongea na Nassibu habari ya kibarua cha gereji kwake boti ikiisha.

"Nassibu, fungua begi lako."

Nassibu alisimama na kitambaa mkononi. "Begi langu, bosi?"

"Fungua. Nataka kuona unachoipaka boti ya watu."

Wanywaji kahawa walisogea. Rogath alishusha kikombe. Nassibu alilitua begi chini polepole, akafungua zipu, akatoa kimoja kimoja: shati la kurudia nyumbani, mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko, kitana, chupa ya soda. Hamud aliinyakua chupa, akanusa, akamimina kiganjani. Akanusa tena.

"Maji," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni maji, bosi. Kitambaa kikikauka hakitelezi, nakilowesha kidogo. Ya kunywa hayo, ndiyo maana nayaficha, muuza kahawa ananimalizia."

Hakuna aliyecheka, hata muuza kahawa. Pengine Hamud angeomba radhi hapo hapo, mambo yakaishia pale. Lakini kusema "nimekosea" mbele ya watu ni kazi nzito kwa mtu mwenye duka na heshima yake. Badala yake akasema, "Hata hivyo, boti inaharibika na anayeishika ni wewe."

Nassibu alirudisha vitu vyake begini. Alitoa ufunguo wa geti mfukoni, akauweka juu ya trela.

"Ufunguo huu hapa. Leo mmenikuta na maji. Kesho mtanikuta na nini, sijui." Akavaa begi, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu.

Rogath aliguna. "Mimi gereji yangu ina vipuri vya watu," alisema. "Siwezi kuweka mtu wa kufunguliwa begi." Naye akaondoka.

Anfal alisikia kila neno. Jioni ile alifua vitambaa kwa nguvu kuliko siku zote, kana kwamba angeweza kulifua na neno lile alilomwambia baba yake.

Siku iliyofuata Hamud alifunga duka, akavua saa, akakunja mikono ya shati. Alikwenda kwa Idrisa, muuzaji wake wa siku zote, akanunua kopo jipya la polishi ambalo halijaguswa na mtu. "Sasa tutaona," alisema. Alisugua upande wa kulia peke yake, Anfal akimpa vitambaa kutoka kwenye ndoo. Alasiri boti ilimeremeta. Asubuhi, jua lilipoingia, ilikuwa na mikwaruzo kama zamani.

Hamud alikaa juu ya debe. Alijishika kichwa, kisha akainuka ghafla. "Polishi feki! Ni Idrisa! Anatuuzia makopo ya bandia, na mimi nimemdhalilisha kijana wa watu bure. Leo atanitambua." Akachukua makopo mawili, akatoka.

Anfal alibaki uani na ndoo yake. Vumbi jeupe lilikuwa likielea kwenye mwali wa jua, na baadhi likamtua kwenye miwani. Akaivua, akachukua kitambaa kimoja safi kutoka kwenye ndoo, akafuta kioo. Alipoivaa tena, aliona ukungu. Akafuta zaidi. Ukungu ukazidi. Aliinyanyua kwenye jua, akaitazama vizuri. Kioo cha miwani kilikuwa na mikwaruzo myembamba, imezungukana kama utando wa buibui.

Alikisugua kitambaa kile shavuni. Kilikuwa cheupe, kinanukia sabuni, na kilikuwa na chenga kama chumvi iliyosagwa.

Alipanda ngazi mpaka juu. Mashine ya vigae ilikuwa ikiunguruma upande wa pili wa ukuta, na kila ilipouma kigae, wingu jeupe liliruka, likaja na upepo, likatua kwenye kamba za nguo. Bi Hind alikuwa pale akikung'uta kanga yake kwa ghadhabu.

"Tangu hawa waanze kukata vigae vyao, kila nikivaa nguo najikuna," alisema. "Vitu vinafuliwa vizuri, vinaanikwa bado maji maji, vinalishwa mchanga mpaka asubuhi. We mtoto, mbona umekuwa mweupe hivyo? Vumbi au homa?"

"Bibi," Anfal alisema, "ni mimi ninayeharibu boti."

Akamweleza. Bi Hind alisikiliza, akakitwaa kitambaa, akakisugua kwa vidole. "Baba yako yuko wapi?"

"Amekwenda kwa Idrisa kumgombeza kwa polishi feki."

"Basi unangoja nini hapa?"

Anfal alijua anangoja nini. Wazo lilikuwa limekwisha kumjia, laini na tamu: asubiri. Baba yake agombane na Idrisa, Idrisa abadilishe kopo, yeye avikung'ute vitambaa kimya kimya na kuanza kuvianika ndani. Mikwaruzo ingeisha. Kila mtu angesema kopo jipya lilikuwa zuri. Na Nassibu? Nassibu angekuwa Magomeni, na jina lake lingebaki uani pale, juu ya trela, pamoja na ule ufunguo.

Alishuka. Alipita kati ya mikokoteni, wauza soksi na wabeba mizigo waliokuwa wakipiga kelele za kuomba njia, akikumbatia kitambaa kimoja kifuani. Alimsikia baba yake kabla hajamwona.

"Wewe Idrisa umeniharibia kazi na umeniharibia mtu!"

"Hamud, ndugu yangu, kopo hilo ndilo ninalomuuzia kila mtu! Ni wewe peke yako unayelia!"

Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Anfal alijipenyeza mpaka mbele ya meza ya duka.

"Shikamoo, Mjomba Idrisa."

"Marahaba. Mchukue baba yako, mama, amepandwa na hasira."

"Baba, si polishi." Alivua miwani, akaiweka juu ya meza, na kitambaa pembeni. "Nimeifuta miwani kwa kitambaa hiki. Itazame juani. Vitambaa nilivianika juu, na vumbi la vigae linavimwagikia. Ninavyoviona safi vina mchanga. Kaka Nassibu alikuwa anasugua kwa mchanga niliompa mimi. Na jana wewe pia."

Hamud aliinyanyua miwani kwenye jua. Akakipapasa kitambaa. Hasira ilimtoka usoni kidogo kidogo.

"Lakini jioni boti inameremeta," alisema.

"Jioni ua una kivuli," Idrisa alisema, akiinama juu ya miwani. "Mikwaruzo kama hii huioni mpaka jua likupige kwa ubavu. Asubuhi ndipo jua lenu linapoingia. Haikuharibika usiku, bwana. Ililala imeharibika."

Hamud alimwomba Idrisa radhi hapo hapo, mbele ya watu, na Idrisa akampa mkono. Lakini Anfal alikuwa hajamaliza. Walipokuwa wakirudi, karibu na duka la mabegi, alisimama.

"Baba, kuna jingine. Yale mafuta sikuyaona. Niliona chupa tu."

Hamud aligeuka. Anfal alifikiri atapigwa kelele. Badala yake baba yake aliketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa, kama mtu aliyechoka ghafla.

"Nilikuuliza, umeyaona kwa macho yako. Ukasema umeyaona."

"Nilidhani ni mafuta. Nilikuwa na uhakika."

"Twende Magomeni," alisema Hamud.

Walimkuta Nassibu kibarazani mwa nyumba aliyopanga chumba, akishona kamba ya begi lake lililochanika. Alisimama kwa adabu, akawapa kigoda. Hamud alikataa kukaa. Alieleza yote, kuhusu vitambaa, vumbi na kivuli. Kisha Anfal akasema sehemu yake, na machozi yakimtoka.

"Kaka Nassibu, nilisema nimeona mafuta. Sikuyaona. Nisamehe."

Nassibu alichomeka sindano kwenye kamba ya begi. "Nimekusikia, mdogo wangu. Na wewe bosi nimekusikia. Sina kinyongo. Ila hapa Magomeni hakuna aliyeniona nikifunguliwa begi. Hapa mimi ni Nassibu yule yule. Kule ndiko nilikogeuka mwizi."

Hamud aliinamisha kichwa. "Una haki. Kesho wakati wa kahawa, njoo."

Kesho yake Hamud aliwaita watu mwenyewe: muuza kahawa na wateja wake, Ridhiwani na wazazi wake, hata Rogath wa gereji. Wote walisimama uani, mbele ya boti. Nassibu alisimama kando, begi begani.

"Mliniona nikimfungua huyu begi," alisema Hamud. "Hakukuwa na kitu. Nikaona aibu kusema hakukuwa na kitu, nikamwacha aondoke na jina baya. Kosa ni la nyumba yangu. Boti iliharibiwa na vitambaa tulivyompa sisi. Kijana huyu ni mwaminifu, na kila mmoja wenu akasimulie hivyo kama alivyosimulia lile la kwanza."

Anfal alisogea mbele. "Na aliyesema kuna mafuta ni mimi. Sikuona mafuta."

Muuza kahawa alimimina kikombe, akampa Nassibu. "Na maji yako nilikuwa nakunywa kweli," alisema. Safari hii watu walicheka, na Nassibu naye akacheka. Ridhiwani hakucheka. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Watu walipoanza kutawanyika, Rogath alimshika Nassibu bega, akamwambia gereji bado ina nafasi.

"Nimalize hii kwanza," alisema Nassibu.

Alimaliza. Hamud alinunua vitambaa vipya, vikawekwa kwenye ndoo yenye kifuniko, na Anfal aliendelea kuvifua, ila alivianika ndani, chumba cha nyuma, dirisha likiwa limefungwa. Kabla ya kumpa Nassibu kila kitambaa, alikipitisha kwanza shavuni. Upande wa kulia ulisuguliwa upya kuanzia mwanzo, kisha wa kushoto, na mwishowe boti nzima ikapakwa nta ili jua lisiipaushe upesi.

Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, Anfal alimkuta bibi yake akikunja kanga. Akakaa miguuni pake.

"Bibi, mimi sikutaka kusema uongo. Nilikuwa na shaka, halafu shaka ikawa kama nimeona."

"Ndivyo inavyokuwa," alisema Bi Hind. "Kushuku si dhambi, mjukuu wangu. Baba yako alikuwa na haki ya kuuliza, na wewe ulikuwa na haki ya kuchunguza. Lakini macho yako yaliona chupa. Mafuta uliyaongeza wewe. Ukiulizwa umeona nini, sema ulichokiona, na pale macho yako yalipokomea, nawe koma hapo hapo, hata kama jibu litaonekana fupi. Na ukianza kumtafuta mkosaji, jitazame na wewe. Usiiruke mikono yako kwa kuwa ilikuwa inafanya jambo jema."

Asubuhi jua lilipopenya kati ya maghorofa, Hamud alifunua turubai. Bluu ilikuwa nzito, tulivu, haina hata ukucha wa mkwaruzo, na ndani yake yalionekana madirisha ya nyumba za jirani, kamba za nguo na kipande cha mbingu. Mama Leticia alizunguka boti yake mara mbili. Kisha akamgeukia Anfal, aliyekuwa karibu naye zaidi.

"Mwanangu, nani ameing'arisha namna hii?"

Anfal alifikiri kabla ya kujibu. "Kaka Nassibu amesugua pande zote mbili. Baba amepaka nta. Mimi nimefua vitambaa."

Mama Leticia alingoja, akidhani kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.